Swali: Bustani na chemchem ndani ya wakfu wa msikiti, ni israfu?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Sie ni ndugu watano, tupo Pemba upande wa Wete. Marehemu baba alipokuwa hai na mzima alitoa shamba lake la eka tatu wakfu, akasema mbele ya mashahidi "kwa msikiti na chuo na manufaa ya Waislamu". Ndugu yetu alioko Maskat kamlipa mchoraji, ramani imekuja ina msikiti, chuo, maktaba, ukumbi wa harusi na maulidi, na katikati bustani kubwa ya mifereji minne na chemchem inayoruka, kati yake samaki wawili wa saruji wanatema maji. Wazee wa mtaa wamekasirika, wanasema ni israfu na mambo ya kizungu. Na kweli mtaani kwetu maji ya bomba yanatoka siku mbili kwa wiki. Pesa tulizonazo nyingi zimechangwa kwa jina la msikiti. Kwenye kona kuna makaburi matatu ya zamani. Tufanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Allah amrehemu mzee wenu na aijaalie eka hizo ziwe nuru kaburini mwake, amin. Ramani nimeiangalia kwenye simu, nikaikuza mpaka macho yakauma, na nimeipenda, nasema kweli, ila ina mambo yanataka kurekebishwa kabla fundi hajachimba msingi.

Tuanze na wazee. Wao wanaiogopea dini na hiyo ni kheri, msibishane nao kwa sauti. Lakini bustani kuwa karibu na msikiti si mambo ya kizungu hata kidogo. Abu Talha, Allah amridhie, alikuwa na shamba la mitende likiitwa Bayruhaa, limeelekeana na msikiti wa Mtume ﷺ, na Mtume akiingia mle akinywa maji yake mazuri, kapokea Anas na iko kwa Bukhari na Muslim. Basi ipo bustani, ipo mkabala na msikiti, na Mtume mwenyewe kaingia kanywa. Kisha ilipoteremka "Hamtoufikia wema mpaka mtoe katika mnavyovipenda", Abu Talha akaenda kuitoa hiyohiyo Bayruhaa kwasababu ndo mali aliyoipenda kuliko zote.

Na hii ya mifereji minne asili yake ni Wafursi wa kabla ya Uislamu, Waislamu wakaichukua wakaiona inalingana na ile mito minne ya Surat Muhammad aya ya 15, maji na maziwa na mvinyo na asali, wakaenda nayo mpaka Andalusi, yaani Hispania ya leo, pale kwenye kasri ya Alhambra kuna uwanja mifereji yake minne inakutana kwenye chemchem ya katikati. Kwetu hapahapa Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alijenga kasri ya Maruhubi kule Unguja ina mabwawa na maua ya yungiyungi, ikaungua 1899, nguzo mnaziona mpaka leo. Lakini kumbukeni huyohuyo Barghash ndo alievuta maji ya chemchem kwa mabomba mpaka mjini watu wakapata kunywa. Hapo nataka mpashike, kwasababu jibu langu lote limekaa hapo.

Israfu haiko kwenye bustani, iko kwenye mpangilio wa maji. Mmesema wenyewe mtaani bomba linatoka siku mbili kwa wiki. Sasa fikiria bi mkubwa kabeba ndoo kichwani saa kumi na mbili asubuhi anapita nje ya ukuta wenu, na ndani ya ukuta anasikia maji yanaruka kwa pampu, yanaruka yanaanguka, hayamfai mtu. Huyo ana haki ya kuuliza haya maji ya nani. Mtume ﷺ kasema watu ni washirika katika vitatu, maji na malisho na moto. Na Saad bin Ubada alipouliza sadaka gani bora amtolee mamake aliyekufa, akaambiwa maji, akachimba kisima akasema hiki ni cha mama Saad. Nyinyi mna baba yenu. Chimbeni kisima, pampu iwe ya sola, na bomba la kwanza kabisa litoke NJE ya ukuta, barabarani, lenye kijukwaa cha kuwekea ndoo na jengine la chini kimo cha mtoto. La pili liende kwenye udhu. La tatu chuoni. Yakibaki ndo yaende kwenye mifereji. Mkifanya hivo hakuna mzee atakaesema israfu, na akisema mleteni kwangu tuzungumze.

Nimeona mahali, sitopataja, walijenga chemchem ya marumaru nzuri sana, siku ya ufunguzi watu wanapiga picha, nikarudi baada ya miaka miwili nikakuta bakuli limekauka lina mifuko ya plastiki na kule pembeni maji ya kijani yana viluwiluwi vya mbu tele, watoto wa chuo wanaugua homa. Bili ya umeme iliwashinda. Ile ndo israfu khasa. Kwaiyo nawashauri acheni habari ya kurusha maji juu, fanyeni maji yatembee polepole kwenye mfereji mwembamba, yanatosha kusikika, na bwawa liwe na samaki hai wadogo wanaokula viluwiluwi. Msikiti nliosomea mie utotoni ulikuwa na birika ya chokaa, unashuka vidaraja vitatu, kuna mawe ya matumbawe ya kusugulia miguu na kata ya kifuu imewekwa ukingoni, na visamaki vilikuwa vinakuja kugusa vidole ukiingiza kata. Yale maji yalikuwa baridi mpaka leo nayahisi mikononi. Hakukuwa na pampu wala taa za rangi.

Kuhusu kutawadha kwenye hayo maji ya bustani, madhehebu yetu ya Shafi ni hivi: maji yakifika kulatein, yaani kama shimo la dhiraa na robo urefu, upana na kina, sawa na lita 200 na kitu, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi au ladha au harufu kwa hiyo najisi. Ukoga wa kijani unaoota wenyewe na maji kukaa sana havidhuru utohara wake. Klorini kidogo pia haina neno. Bwawa lenu ni kubwa mara nyingi kuliko kulatein, kwaiyo kutawadha kunafaa, ila kwa usafi na afya bora udhu uwe kwenye mabomba yake na bwawa libaki bwawa.

Na hapa kuna faida kubwa mchoraji hakuiona. Maji yaliyokwisha kutumika kwenye udhu wa faradhi kwetu ni tohara, ila hayatohirishi, yaani hutawadhii tena lakini si najisi. Yeye kayapeleka kwenye shimo moja na maji ya choo! Yatengeni. Yapite kwenye changarawe yaende kwenye miti. Mtume ﷺ akitawadha kwa mudi moja, haifiki hata lita moja, na sie mtu mmoja anafungua bomba anaongea na mwenzake maji yanakwenda tu, sasa hata kama hatujaacha hiyo tabia angalau mti unywe. Na mapaa yote wekeni mifereji ya mvua iingie kwenye tangi la chini, masika ya Pemba mnayajua, mvua ya siku moja inajaza tangi.

Jambo la mpaka wa msikiti naomba mlisome kwa makini kuliko yote kwasababu ndo linaloharibu wakfu nyingi. Ardhi yote ni wakfu, sawa, lakini si yote ni MSIKITI. Msikiti una hukumu zake, mwenye hedhi hakai, mwenye janaba hakai, biashara haifanywi, itikafu inasihi humo tu. Kama hamkuainisha kwa maandishi kwamba msikiti ni kutoka kiambaza hiki mpaka hiki, kesho watu watagombana kama bustani ni msikiti au la, na mabinti wa chuo watafukuzwa kwenye kivuli cha mwembe siku zao bila sababu. Andikeni mbele ya mashahidi, mupeleke Kamisheni ya Wakfu isajiliwe, na chini pale wekeni mstari wa jiwe la rangi nyengine ili hata mtoto ajue hapa navua viatu naingia msikitini. Bustani, maktaba na ukumbi viwe nje ya mstari huo. Tena kupanda miti ndani ya msikiti wenyewe maulamaa wetu wamekuchukia, kwaiyo mpaka unawasaidia na hapo.

Kibla. Pemba na Makka ziko karibu mstari mmoja wa longitudo, kibla chenu ni kaskazini karibu sawasawa, msitegemee simu, dira yake inapotoshwa na chuma. Subirini tarehe 28 Mei saa 6 na dakika 18 mchana au tarehe 16 Julai saa 6 na dakika 27, jua huwa juu ya Kaaba, simamisheni mti wima kwenye kiwanja, kivuli kitaanguka kusini na kibla ni upande wa pili wa hicho kivuli, lilipo jua. Pigeni kamba palepale.

Sasa kwa kuwa kibla ni kaskazini, ile bustani mchoraji kaiweka mbele ya mihrabu na dirisha kubwa la kioo imamu na maamuma wanaangalia maji. Hapana. Huyo Abu Talha alikuwa anasali shambani kwake akaruka ndege akawa anatafuta pa kutokea, macho yakamfuata akasahau kasali rakaa ngapi, akaenda kwa Mtume ﷺ akalitoa shamba sadaka, kaileta Malik kwenye Muwatta. Yeye ndege mmoja, sembuse bwawa lina samaki? Ihamisheni nyuma, upande wa kusini. Na mtaona hikma yake, upepo wa kusi unatoka kusini, utapita juu ya maji na majani, uingie kwa milango ya nyuma, safu za mwisho ndo zitapoa kwanza. Vyoo navyo visielekee kaskazini wala kusini, vikae mashariki na magharibi.

Samaki wa saruji waondoeni, sanamu la chenye roho halifai na msikitini ndo zaidi. Nakshi za majani na maandishi zinatosha, mafundi wa milango wa kwetu wanazijua. Aya msiweke kwenye sakafu ya bwawa wala popote panapokanyagwa.

Makaburi matatu yaacheni. Yazungushieni ukuta mfupi, mfereji usipite juu yake wala kandoni, na yasiwe upande wa kibla mbele ya wanaosali, Mtume ﷺ kasema "Msikae juu ya makaburi wala msisali kuyaelekea". Kwa kona nlioiona kwenye ramani, makaburi hayo yapo kusini magharibi, kwaiyo hamna tabu.

Pesa zilizochangwa kwa jina la msikiti ni za msikiti, shilingi yake haihamii kwenye bwawa. Mnaowajua waulizeni, anaeridhia aseme, msiowajua zao zijenge msikiti tu. Kisima na bustani fungueni mfuko mwengine, ndugu yenu wa Maskat aanze. Na mikarafuu ilobaki shambani msiikate nakuombeni, mavuno yake ndo yatalipa fundi wa pampu na mtunza bustani, Umar alipotoa ardhi yake ya Khaybar asili haikuuzwa wala haikurithiwa, matunda ndo yaliotumika.

Vya kupanda: mlangilangi karibu na baraza la wanawake, asumini na mrehani pembezoni mwa mfereji, mkadi pale maji ya udhu yanapomwagikia. Miembe na mzambarau kwa watoto wa chuo, na tangu siku ya kupanda tamkeni kwamba matunda yake ni ya kila mwenye kupita, muyaandike kwenye hati ya wakfu, ili asije mtu mzima akamkimbiza mtoto na fimbo kwa embe moja. Mkimaliza kuchora upya nitumieni tena niangalie, na ile karatasi ya mpaka wa msikiti nitumieni kabla ya kuitia saini.

Wallahu aalam.