Baba alikuwa mkali, nimemjua baada ya kumzika

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Mimi ni mtu wa Langoni, Lamu. Marehemu baba alikuwa nahodha wa jahazi la kubeba boriti za mikoko. Nyumbani alikuwa mkali, tena mkono wa birika: sukari akitupimia kwa kifuniko cha chupa, akisawazisha kwa kisu. Nilipokua nikamwepuka, ikabaki salamu ya Idi tu. Siku ya hitima alikuja mzee mmoja wa Matondoni. Akasema boriti zilipopigwa marufuku kuuzwa nje mwaka 1982, baba alibaki na deni la mabaharia wake, akawa anawalipa kidogo kidogo miaka mingi. Yeye tu hajamaliziwa. Je, nimechelewa?

JIBU: Wa alaykumu salaam, mwanangu. Allah amrehemu mzee wako. Hujachelewa. Mtu wa Bani Salama alimuuliza Mtume (s.a.w.) swali hili hili: je, umebaki wema wa kuwatendea wazazi waliokwisha kufa? Akajibiwa ndiyo: kuwaombea dua na maghufira, kutimiza ahadi zao, kuunga udugu uliopitia kwao, na kuwakirimu marafiki zao. Kaipokea Abu Daud.

Anza na deni. Sura ya An-Nisaa, aya ya 11, imeweka mirathi baada ya wasia na deni. Waite ndugu zako; mkimsadiki mzee huyo, haki yake itoke kwanza katika alichoacha baba. Kama hakuacha kitu, si lazima ulipe mfukoni mwako, lakini ukilipa umemfaa mno.

Kuhusu ukali wake, sitakwambia haukukuuma. Mtoto hajui habari za boriti. Anachoona ni kisu juu ya kifuniko. Kwa maoni yangu baba alipaswa kuwaeleza, walau mama yenu. Kusema uliumia si dhambi. Kule kumwepuka ndiko unakotakiwa kutubia.

Na yule mzee usimwache. Ibn Umar, mtoto wa Khalifa Umar, alikutana na bedui njiani kwenda Makka, akampa punda aliyekuwa akimpanda na kilemba cha kichwani mwake. Wenzake wakastaajabu: mabedui huridhika na kidogo! Akasema baba wa mtu huyu alikuwa kipenzi cha Umar, na Mtume kasema wema bora ni mtoto kuwaunga wapenzi wa baba yake. Imo katika Sahihi Muslim.

Basi panda mashua uende Matondoni. Mpelekee haki yake, na sukari, kisha keti naye mkekani umuulize baba yako alikuwaje chomboni.

Wallahu aalam.