Mgombea Aliye Upande Wenu Ndiye wa Kumkatiza

"Shikamoo dada. Tuna mgombea aliye upande wetu kwa kila kitu, ila likija suala la polisi anapita juu juu. Wenzangu wanataka tumpandie jukwaani. Mimi naona tutamharibia." Ameniandikia hivyo binti wa Kitanzania anayesoma hapa Marekani. Nimeshamjibu, lakini najua wengi wenu mnaumwa na swali hilohilo. Jibu langu ni hili: pandeni, mradi mnajua mtashuka na nini.

Agosti 8, 2015 nilikuwa Westlake Park, katikati ya Seattle. Watu walikusanyika kuadhimisha miaka 80 ya mfuko wa pensheni wa taifa na miaka 50 ya bima ya afya ya wazee, na sisi tuliofurika pale tulikuwa tunamngoja Bernie Sanders, seneta aliyekuwa akiwania tiketi ya urais ya chama cha Democratic. Ndiyo kwanza ameanza kushukuru watu, wanawake wawili weusi wa Black Lives Matter, vuguvugu linalopinga polisi kuwaua watu weusi, wakapanda na kudai maiki. Kesho yake ilikuwa inatimia mwaka mmoja tangu polisi amuue Michael Brown, kijana mweusi, kule Ferguson, Missouri, nao wakaomba kimya cha dakika nne na nusu kwa ajili yake. Umati ukazomea. Wengine wakapaza sauti wakamatwe. Sanders hakuhutubia; alipunga mkono akashuka.

Kuna jambo la siku ile linaniuma hadi leo. Mama mmoja wa Kizungu, ambaye tangu mchana tulikuwa tunapiga soga kama majirani, alinigeukia akaniambia niwaambie "wenzangu" wanyamaze. Mimi mtoto wa Tanga, wale wanawake siwajui hata kwa sura! Nilisimama pale kama mfuasi wa Sanders sawa na yeye, lakini zomeazomea ilipoanza nikageuka kuwa msemaji wa watu weusi wote. Hapo nikaelewa kwa nini walichagua mkutano wa rafiki. Adui alishajulikana, waliohitaji kusikia walikuwa hawa wanaojiona tayari wako upande wetu.

Na ilizaa matunda. Jioni hiyohiyo, mbele ya watu wapatao 15,000 katika Chuo Kikuu cha Washington, Sanders alizungumzia ubaguzi wa rangi waziwazi. Siku iliyofuata kampeni yake ilichapisha sera kamili ya haki kwa watu weusi, yenye majina ya waliouawa, na wikendi hiyohiyo ikamtangaza Symone Sanders, mwanamke mweusi asiye ndugu yake, kuwa msemaji wake. Watu husema mambo hayo yalikuwa jikoni tangu Julai. Sawa, ila Julai hiyohiyo alikuwa amekatizwa na vuguvugu hilohilo kule Phoenix, yeye na mgombea mwenzake Martin O'Malley, kwa hiyo hoja yangu iko palepale.

Msiniambie basi kwamba wale wanawake walimnyima Sanders ushindi. Februari 2016 alishindwa vibaya kwenye kura za mchujo za chama South Carolina, kwa kuwa mpinzani wake Hillary Clinton alikuwa na mizizi ya miaka mingi kwa wapiga kura weusi wa kule. Dakika chache za Seattle hazikuing'oa wala kuiotesha mizizi hiyo.

Miaka michache baadaye tulifanya yetu, katika mji mdogo kusini mwa Seattle, kwa mgombea udiwani aliyekuwa akija hadi kwenye harusi zetu. Tulitaka notisi za kodi ya nyumba na za kuhamishwa zitolewe pia kwa Kiswahili na Kisomali. Tulimkatiza, tukasoma karatasi yetu, tukakaa. Wazee wa jumuiya walituita watovu wa adabu, na wapo ambao hawajaniamkia vizuri tangu hapo. Lakini kabla wiki haijaisha alikuwa ameliweka dai letu kwenye ahadi zake, na nalisema kwa fahari.

Kwa hiyo nendeni na dai moja, liandikwe, liwe jambo ambalo mgombea anaweza kulikubali kesho asubuhi. "Acha ubaguzi" si dai, ni kilio. Kilio kina haki yake, lakini hakitiwi saini. Mmoja wenu asipande kabisa, abaki chini atafute wasaidizi wa mgombea na kuomba miadi, kwa maana mapatano hufanyika huko, jukwaa linawafungulia mlango tu. Wakiwazomea msijibizane nao. Na video msizirushe mtandaoni kabla ya miadi hiyo. Sisi zetu tulizishikilia mpaka tulipoonana naye, na jambo la kwanza alilotuuliza ni kama tutazirusha.