Damu ya mgonjwa iko wapi? Kwa wanaoanza kusoma jeni za saratani ya kibofu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa maabara yetu alinijia akitabasamu, akanifungulia jedwali lenye mstari wa jeni iitwayo ERCC2 aliokwisha kuupaka rangi ya njano, akasema amepata sababu ya mgonjwa wake kuitikia sisiplatini, dawa ya tibakemikali. Nilipoona namba ya asidi amino (kiungo cha protini) iliyobadilika, 751, tumbo lilinikata, kwa kuwa mstari huohuo nami niliwahi kuupaka njano. Ndiyo maana nawaandikia, wadogo zangu, kwa upendo na kwa subira inayozidi kupungua.

1. Jueni kwanza mnachokitafuta. Sisiplatini hujibandika kwenye DNA, na seli hujinusuru kwa kukata kipande kilichoharibika na kukijaza upya. ERCC2 ndiyo inayofungua nyuzi mbili ili ukataji huo uwezekane. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwalinganisha wagonjwa 50 waliopewa dawa kabla ya upasuaji, 25 walioitikia na 25 wasioitikia, na mabadiliko ya jeni hiyo yaliyozuka ndani ya uvimbe yalionekana kwa walioitikia pekee. Hao hawakuwa wagonjwa wenye saratani iliyosambaa, kwa hiyo msiwahamishie wenu matokeo yale kwa pupa.

2. Tenganisheni kilichorithiwa na kilichozuka ndani ya uvimbe. Hapa ndipo nilipoaibika. Nilikuwa na bloku za nta zenye vipande vya uvimbe vya wagonjwa ambao ugonjwa wao ulikwisha kusambaa na waliotibiwa kwa sisiplatini pamoja na dawa nyingine, jemisitabini, lakini sikuwa na damu yao, ambayo ingeonyesha walichorithi, kwa sababu kuipata kulihitaji kurudi kwenye kamati ya maadili nami nilikuwa na haraka ya ujana. Karibu nusu ya sampuli zilionyesha badiliko la 751. Nilichora grafu nzuri mno, nikaenda nayo kwenye kikao cha wataalamu wa saratani, nikazungumza kwa kujiamini hadi mzee mmoja wa patholojia alipovua miwani na kuuliza: “Mwanangu, damu ya hawa wagonjwa iko wapi?” Kisha akaniuliza sampuli ya kwanza ilikuwa na seli za saratani kiasi gani. Nikajibu asilimia 30. Na badiliko limesomwa kwenye asilimia ngapi ya vipande vya DNA? Asilimia 50. Nilipotamka namba ya pili nilikuwa nimekwisha kuelewa, kwani badiliko la nakala moja ya jeni lililozuka ndani ya uvimbe wa namna hiyo lingesomwa karibu asilimia 15, ilhali la kurithi, lililo katika kila seli, husomwa karibu asilimia 50. Lisini kugeuka glutamini mahali pa 751 ni tofauti ya kurithi ambayo watu wengi wenye afya wanayo. “Huenda hata mimi ninayo,” mzee akasema, na ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu dakika tano kabla daktari mmoja alikuwa ameanza kufikiria kumpa sisiplatini mgonjwa ambaye figo zake zilichuja damu chini sana ya mililita 60 kwa dakika, kiwango kinachotumiwa kwa kawaida kuamua nani apewe dawa hiyo, kwa kutegemea grafu yangu tu.

3. Fomalini, kemikali ya kuhifadhia sampuli, hugeuza herufi C ya DNA isomeke T, hasa kwenye bloku kuukuu, rudieni kipimo.

4. Andikeni kama sampuli ilichukuliwa kabla ya tibakemikali au baada yake, maana sisiplatini yenyewe huacha alama zake kwenye DNA ya seli zilizosalia.

5. Someni ripoti ya patholojia kabla ya kugusa kompyuta. Kwetu huku kichocho cha mkojo huleta saratani ya seli bapa, na kuichanganya na ile ya urothelia, yaani utando wa ndani wa kibofu, katika jedwali moja ni kupika mchele na kokoto, kosa ambalo nalo nimelitenda, ila bahati nzuri halikufika kikaoni.

Kijana wa wiki iliyopita amenuna kidogo, lakini fomu ya ridhaa ameijaza. Mgonjwa anarudi kliniki Alhamisi, na mrija wa damu umekwisha kuandikwa namba yake.