Shahada ya biolojia inalipa?

Umeuliza kama shahada ya kwanza ya biolojia inarudisha gharama zake. Inarudisha, ila polepole. Mwenye shahada hiyo peke yake mara nyingi huanzia maabara, kama fundi au msaidizi wa utafiti, na mshahara wa mwanzo kwa kawaida huwa chini ya ule wa mhandisi au mtu wa kompyuta. Wanaoendelea na udaktari au famasia hulipwa vizuri, lakini hapo kinacholipa ni hiyo taaluma ya pili. Na miaka ya kusoma bila mshahara nayo ni gharama, ingawa wengi hawaihesabu.

Kama huna mpango wa kuendelea, masomo yako ya hiari yaelekeze kwenye takwimu na lugha za kuandikia programu za kompyuta kama R au Python. Anayeweza kuchambua data za jenomu (DNA yote ya kiumbe) ana milango mingi kuliko anayejua darubini tu. Angalia pia udhibiti wa ubora viwandani, usimamizi wa majaribio ya dawa, hata uuzaji wa vifaa vya maabara (usicheke, kuna kamisheni). Mkopo mkubwa kwa sababu tu chuo kina jina? Mimi nisingechukua.