Huwezi kuchunguza kila unachonunua, chagua pa kuweka nguvu

Mkuu, umeuliza kama kuna maana ya kununua kwa dhamiri wakati kila kiwanda kina uchafu wake, na kama ipo, mtu aanzie wapi. Nakujibu kwa nilivyoona mwenyewe.

Kwanza acha kufuatilia kila kitu. Ukitaka kujua asili ya kila sabuni na kila kalamu utachoka mapema, kisha utarudi kununua ovyo. Mimi nahangaika na nguo na vifaa vya umeme tu.

Kwenye simu, sehemu kubwa ya uchafuzi wa hewa hutokea inapotengenezwa, si unapoichaji. Betri nyingi za simu zina madini ya kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nyingine kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo ambako watoto wamekutwa wakifanya kazi. Ya kwako ilitoka shimo lipi? Hakuna muuzaji atakayekujibu. Ndiyo maana sitafuti tena simu "safi". Nauliza kama betri inabadilishika, vipuri vipo, na masasisho ya usalama yatatolewa hadi lini. Hii yangu imeshabadilishwa betri na kioo. Fundi kila nikienda ananishawishi ninunue mpya, simsikilizi.

Nguo ndiyo habari ndefu. Jengo la Rana Plaza huko Bangladesh liliporomoka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao washonaji. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki iliyokuwa humo ikawaondoa wafanyakazi wake, washonaji wakaamriwa kurudi kwenye cherehani. Mwaka huohuo kampuni nyingi za nguo zilisaini na vyama vya wafanyakazi mkataba wa usalama wenye nguvu ya kisheria, ukaguzi huru, na ripoti zinazowekwa hadharani. Kelele za wanunuzi zilichangia kuwabana. Kuhama duka kimyakimya kusingefika huko, kwa sababu kampuni haijui kwa nini umeondoka.

Kwa hiyo mimi huandika. Nauliza swali moja: nguo hii imeshonwa kiwanda gani? Kampuni moja ilinijibu maneno matamu kuhusu "maadili yetu", jina la kiwanda hamna. Nikaachana nayo, na nikawaandikia sababu. Nyingine ilinitumia orodha nzima. Bei haikusaidii kujua, maana nguo ghali na rahisi huweza kutoka kiwanda kimoja.

Nembo nazo, angalia nani amekagua. "Rafiki wa mazingira" mtu anaweza kujichapishia tu. Fairtrade, nembo ya biashara ya haki kwa wakulima na wafanyakazi, walau wana kanuni zilizoandikwa na wakaguzi, ingawa hiyo nayo si dawa ya kila kitu.

Na kama mfuko hauruhusu, usikubali kusimangwa. Anayevaa shati lake mpaka lichanike anachafua kidogo kuliko anayejaza kabati nguo mpya kila msimu, hata zikiwa za pamba iliyolimwa bila kemikali za viwandani.