Gia ya gari la rimoti inalika kwa mchanga: usikimbilie ya chuma kwanza

Mkuu, nimesoma swali lako. Trak yako ni ya skeli ya 1/10, inavutwa na tairi za nyuma, mota ya brashi. Mtaani unaiendesha kwenye moramu na wikiendi unaipeleka ufukweni Kigamboni. Gia kubwa ya plastiki iliisha meno, ukafunga mpya, nayo imeshaanza kulia "krrr", na muuzaji anakushauri ufunge ya chuma. Nimeendesha magari haya kwa miaka mingi, zaidi kwenye vumbi la Dodoma, kwa hiyo nivumilie nieleze kwa kirefu. Ukifunga ya chuma leo, ugonjwa hautapona. Utahamia kwenye kifaa cha bei kubwa zaidi.

Anza kwa kuikagua pinioni, ile gia ndogo iliyo kwenye shafti ya mota. Wengi hawaiangalii kwa kuwa ni ya chuma, wanaamini haiwezi kuliwa na plastiki. Inaliwa, tena sana. Punje za mchanga zikiingia kati ya gia mbili, zinazama kwenye meno ya plastiki kwa sababu ni laini, zinanasa humo. Kuanzia hapo gia ya plastiki inakuwa kama msasa, kila mzunguko inachonga chuma. Unaweza kukuta gia kubwa inaonekana nzima kabisa huku pinioni imekwisha. Ifungue, ishike kwenye mwanga, izungushe taratibu. Jino zima lina kichwa bapa na mabega mawili yanayolingana. Lililoliwa limechongoka nchani na ubavu wake mmoja umebonyea. Ukiona hivyo, gia yoyote mpya utakayoifunga itakatwa na hiyo pinioni hata ukiendesha sebuleni. Badilisha zote mbili pamoja, na pinioni mpya iwe ya chuma kigumu. Za aluminiamu ni nyepesi lakini mchanga unazimaliza haraka.

Ufuo nao una mambo yake. Mchanga wa fukwe za Dar kwa sehemu kubwa ni kwatzi, ambayo kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs iko 7, wakati chuma laini kipo kati ya 4 na 5. Ule mchanga mweupe wa Unguja unatokana na matumbawe, una ugumu wa kati ya 3 na 4, kwa hiyo hauchongi kama wa Dar, ila chumvi ni ile ile. Vumbi la moramu ni jepesi na laini zaidi, linapenya mahali ambapo mchanga haupiti.

Sasa jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote: usipake oili wala grisi kwenye gia zilizo wazi. Naelewa kwa nini watu wanapaka. Gia inalia, mkono unakwenda wenyewe kwenye chupa ya mafuta. Lakini mafuta yanakamata vumbi, vumbi na mafuta vinakuwa tope la kusagia, na tope hilo linakaa pale pale kwenye meno. Pinioni na gia kubwa ya plastiki zinafanya kazi vizuri zikiwa kavu. Sheria yangu ni hii: kilicho wazi kibaki kikavu, kilichofungwa ndicho kipewe mafuta. Gia za ndani ya giaboksi zipewe grisi. Difu (gia zinazogawa nguvu kwa tairi ya kushoto na ya kulia) yenye sili ipewe oili ya silikoni. Kros za shafti za nyuma zipigwe mswaki mkavu tu. Zikilia sana, tumia ile dawa ya kupuliza inayokauka na kuacha utando mkavu wa tefloni.

Kifuniko cha gia kiangalie vizuri. Vifuniko vingi vina kizibo kidogo cha mpira cha kupitishia spana ya klachi, ile sehemu kwenye gia kubwa inayoteleza kidogo ili kupunguza mshtuko. Kizibo hicho hudondoka bila mwenyewe kujua, na tundu lake liko karibu kabisa na gia. Kikikosekana, kata kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, ukibane humo. Angalia pia ukingo wa kifuniko unapokutana na giaboksi. Kama kimepinda na kuacha mwanya, mstari mwembamba wa silikoni ya kuzibia madirisha unatosha. Ipake kwenye kifuniko peke yake, iache ikauke kabisa, ndipo ufunge, ili siku nyingine kifunguke bila kung'oa kitu. Chini ya chesisi karibu na mota kuna matundu ya kutolea maji. Usiyazibe, maana uchafu uliokwisha kuingia utakosa pa kutokea.

Kuna wanaovisha chesisi nzima soksi ndefu ya nailoni ya kike, wanaifunga kwa vibanio vya plastiki. Inafanya kazi kweli, hasa kwa nyasi na vijiwe. Tatizo ni joto: mota ya brashi inahitaji hewa, na mchana wa Dar hewa yenyewe ni ya moto. Ukivisha, acha kichwa cha mota nje ya soksi na upumzishe gari kila unapobadilisha betri.

Ukishafunga gia mpya, nafasi kati yake na pinioni ndiyo itakayoamua maisha yake. Zikibana sana, mota inachemka na beringi zake zinaumia. Zikiachana, meno yanarukana na kunyoana. Chana ukanda wa karatasi ya daftari, upitishe katikati ya gia, sukuma mota hadi zikamate karatasi, kaza skrubu za mota, halafu zungusha karatasi itoke. Itoke na mikunjo ya meno, isichanike. Kisha ishike pinioni isizunguke na utikise gia kubwa kwa kidole: usikie mchezo mdogo sana, "tik". Rudia sehemu tatu nne za mzunguko, kwa kuwa gia za plastiki huwa si duara kamili. Panapobana kuliko pengine, pimia hapo. Skrubu ndogo inayoibana pinioni kwenye shafti ipake gundi ya nati ya buluu, tone moja, isiguse plastiki.

Klachi nayo ina hatia kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kama imekazwa mpaka mwisho, gari linapotua baada ya kuruka huku tairi zinazunguka, mshtuko wote unakwenda kwenye meno. Kaza nati taratibu hadi springi ijibane, kisha ilegeze nusu mzunguko. Lijaribu kwenye ardhi inayoshika: ukikandamiza moto ghafla usikie mluzi mfupi gari likisogea kama nusu mita, halafu likamate. Mluzi ukiendelea, umelegeza mno, na klachi inayoteleza muda wote inachemka mpaka inayeyusha kitovu cha gia.

Beringi sitazisahau, maana beringi mbovu inaiua gia bila kelele. Shafti ikianza kucheza ndani ya giaboksi, gia zinakutana kwa upande. Za magurudumu kwenye magari mengi ya skeli hii ni 5 kwa 11 kwa 4 mm. Chagua zenye sili ya mpira, kwani zile za kifuniko cha bati zinaacha mwanya na vumbi linaingia. Toa gurudumu, zungusha beringi kwa ncha ya kidole: ukihisi chembe chembe, inua sili kwa sindano, loweka beringi kwenye mafuta ya taa, ikaushe, weka tone la mafuta ya cherehani, rudisha sili. Isipokuwa laini baada ya hapo, tupa. Na kila unapotoa gurudumu, kagua nyuma yake. Nyuzi za viroba, nywele na nyasi hujisokota pale kwenye ekseli na kuisukuma sili mpaka inachomoka.

Kuhusu kusafisha, wengi tunakimbilia kompresa ya fundi pancha. Ni nzuri ukishika bomba mbali na kupuliza kutoka ndani kwenda nje. Ukililenga kwenye beringi kwa karibu, unalisukuma vumbi lipite sili liingie ndani. Mimi napiga brashi ya rangi kavu kwanza, kompresa baadaye.

Ukitoka Kigamboni ni lazima uoshe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, betri ikiwa nje. Maandishi ya "haliingii maji" kwenye boksi yanahusu vifaa vya umeme: kontrola ya mota, risiva ya rimoti na servo ya usukani. Beringi hazimo. Chumvi ikilala humo usiku kucha, asubuhi unakuta zimeshika kutu. Ukishaosha kausha, pulizia WD-40 kwenye beringi ili kufukuza maji, kisha weka mafuta ya cherehani, kwa kuwa WD-40 peke yake haikai.

Turudi kwenye gia ya chuma. Gia ya plastiki imewekwa ife yenyewe ili difu na giaboksi vipone, na ndiyo rahisi kuibadilisha. Kama gari lako limetoka kiwandani na gia za 48P (P ni kipimo cha ukubwa wa meno, namba ikiwa kubwa meno ni madogo), kama ilivyo Traxxas Slash inayovutwa na tairi mbili, meno yake ni madogo na kijiwe kimoja kinatosha kuyarusha. Badala ya chuma, ningekushauri uhamie 32P ya plastiki. Meno ni manene, yanavumilia uchafu zaidi. Lazima pinioni nayo iwe 32P, kwani hazichanganyiki. Meno yatapungua kwa idadi, kwa hiyo tunza uwiano ule ule ulionao sasa, mota isije ikachemka.

Kabla hujanunua chochote, weka hapa picha ya pinioni kwa karibu, na nyingine ya kifuniko upande wa kizibo.