Uliza Ujibiwe: "Kopo la marehemu baba limejaa kadi za besiboli, kuna jamaa ananipa laki mbili"

Mbukwenyi wasomaji wa Dodoma na kwingineko. Leo nimeweka pembeni maswali ya viwanja na mirathi maana kuna barua imenifurahisha, nimeipa nafasi kubwa, wengine mnivumilie.

Shikamoo mzee wa safu. Mimi niko Mpwapwa. Marehemu baba alifundishwa na mwalimu mmoja Mmarekani wa kujitolea miaka ya sitini, yule mwalimu wakati anaondoka akamwachia kopo la biskuti, sisi miaka yote tulijua lina barua. Juzi tunagawana vitu ndo nimelifungua nikakuta kadi kama arobaini za wacheza besiboli, nyuma zina namba namba na vikatuni. Kuna Bob Clemente, kuna Hank Aaron, alafu kuna moja ina vichwa vinne vya watu tofauti, mmoja kaandikwa Pete Rose. Jamaa mmoja mjini anasema ananipa laki mbili kwa zote nisimsumbue. Nimpe?

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Usimpe. Yani kabla hata hujamaliza kusoma hapa mpigie mwambie kadi haziuzwi kwanza.

Sasa tuongee taratibu. Hizo kadi zilikuwa zinauzwa Marekani kwenye pakiti za bigijii, kampuni inaitwa Topps, watoto wananunua bigijii ndani wanakuta kadi. Geuza nyuma uangalie maandishi madogo chini kabisa, ukiona herufi T.C.G. hiyo ndo Topps yenyewe, Topps Chewing Gum. Mwaka hawakuandika waziwazi, kwahiyo unausoma kwenye zile namba: kama takwimu za mchezaji zinaishia 1962 basi kadi ni ya 1963. Na kwa vile umesema kuna ya vichwa vinne yenye Pete Rose mimi nina uhakika hiyo ni ya 1963, namba 537, ndo kadi yake ya kwanza kabisa kutoka. Hiyo peke yake hata ikiwa kona zimechoka inauzwa mamia ya dola. Piga hesabu mwenyewe uone laki mbili iko wapi hapo.

Huyo Rose alianza timu ya Cincinnati Reds mwaka huohuo 1963, akachukua tuzo ya mchezaji mpya bora, mpaka anastaafu 1986 alikuwa na hiti 4,256, yani mara alizoupiga mpira kwa gongo akafika kituo salama, na hakuna aliyemfikia mpaka leo. Shida yake mkeka. Akiwa kocha alikuwa anabeti mechi, tena na za timu yake mwenyewe, 1989 wakamfungia maisha. Alifariki Septemba 2024 bado amefungiwa, 2025 ndo wakamtoa kwenye orodha ya waliofungiwa, yeye hayupo hata wa kushangilia.

Clemente ndo ninayempenda mimi. Jina lake ni Roberto, mtu wa Puerto Rico, ila Topps miaka mingi wakamwandika Bob eti lisiwasumbue Wamarekani, na wewe hapo mkononi unayo hiyo ya Bob. Alicheza timu ya Pittsburgh Pirates maisha yake yote ya ligi kuu, 1955 mpaka 1972, akachukua ubingwa mara mbili, 1960 na 1971. Septemba 30, 1972 akafikisha hiti ya 3,000. Desemba tetemeko likapiga Managua kule Nicaragua, akakusanya misaada, akasikia mizigo ya mwanzo haiwafikii wenye shida, akasema naipeleka mwenyewe, akapanda ndege usiku wa kuamkia mwaka mpya, ikaanguka baharini muda mfupi baada ya kuruka. Hiti zikabaki 3,000 kamili. Kawaida mchezaji anasubiri miaka mitano baada ya kustaafu ndo aingizwe kwenye Jumba la Heshima la besiboli pale Cooperstown, yeye walimwingiza 1973 bila kusubiri.

Na Aaron, angalia nyuma ya kadi yake, kama nayo ni ya 1963 jumla ya homu rani, yani mapigo yaliyompa nafasi ya kuzunguka vituo vyote, utakuta 298. Kadi inaishia hapo haijui kitu, wakati mwenyewe alikuja kumaliza na 755, na mwaka 1974 alipokuwa anaikaribia rekodi ya Babe Ruth ya 714 alikuwa anapokea barua za matusi na za kumtishia kumuua kwa sababu tu ni mweusi. Akaivunja hivohivo, Aprili 8. Mimi ndo maana huwa nasema kadi isome nyuma kwanza, mbele picha tu.

Sasa feki. Kadi ya Rose imeghushiwa sana, lakini feki zenyewe zilisambaa miaka ya themanini, na wale walimu wa Peace Corps, shirika la Wamarekani wa kujitolea, waliokuja huku miaka ya sitini waliondoka kabla muongo haujaisha. Kama kweli kopo halijaguswa tangu hapo una hadithi nzuri mkononi, iandike na tarehe unazokumbuka, na kama kuna picha ya baba na huyo mwalimu itunze pamoja. Alafu azima lenzi kwa fundi saa: kadi halisi picha inaonekana vidoti vidoti vya rangi ila maandishi meusi yamejaa wino, kingo zake zimenyooka. Ukiona hata herufi nazo ni vidoti, hiyo imekopiwa. Pima na rula, inatakiwa karibu sentimita 6.4 kwa 8.9.

Na nakuomba sana, tena sana, usizipeleke steshenari kulaminetisha! Najua mkono unawasha. Ukilaminetisha umeiua. Usifute na kitambaa kibichi, usifunge na rababendi, usibandike selotepu. Weka kila moja kwenye kimfuko cha plastiki laini, rudisha kwenye kopo, kopo lipande kabatini, sio chini maana mchwa wetu mnawajua. Ukavu wa huku umekusaidia, lingekuwa Tanga hilo kopo ungekuta uyoga.

Ukitaka kuuza, piga picha mbele na nyuma, ingia eBay, lile soko la mtandaoni, uangalie bei zilizouzwa kweli, sio bei watu wanazoomba, maana kuomba kila mtu anaomba. Zile mbili tatu kubwa zinaweza kutumwa Marekani kwa kampuni za kukagua kama PSA au SGC, wanaipa alama 1 mpaka 10 na kuifungia kwenye plastiki ngumu, ila ni gharama, kwahiyo tuma ya Rose tu kwanza. Zile nyingine thelathini na kitu za wachezaji wa kawaida ni dola moja mbili, usijenge nyumba kwa hizo. Na ndugu zako uliogawana nao waambie mapema.

Nimeona kwenye simu kuna kadi imeuzwa dola milioni 12.6, ni kweli au wanatudanganya? Niko Nkuhungu.

Kweli kabisa, Agosti 2022, ni Mickey Mantle wa timu ya Yankees, Topps ya 1952 namba 311. Cha kuchekesha hata sio kadi yake ya kwanza, ya kwanza ilitoka 1951 kwa kampuni ya Bowman. Kundi la mwisho la kadi za 1952 lilichelewa kutoka, msimu unaisha, watoto wameshahamia mambo mengine, makreti yakalala stoo miaka. Mwaka 1960 Sy Berger wa Topps, yule yule aliyezibuni, akaona zinajaza nafasi tu, akazipakia kwenye tishari wakaenda kuzimwaga Atlantiki. Mantle wengi walizama humo. Na hiyo iliyouzwa ilikuwa na alama 9.5, yani kama imetoka kiwandani jana, ya kwako ikiwa na mkunjo ni habari nyingine kabisa.

Mwanangu ananunua maboksi ya kadi za 1989 na 1990 bado yamefungwa, anasema ni uwekezaji. Mama wa Ipagala.

Shikamoo mama. Uwekezaji hapana. Miaka hiyo walichapa kupita kiasi na kila mtu akaficha boksi uvunguni akisubiri utajiri, kwahiyo mpaka leo zimejaa. Akipata kadi ya mchezaji Ken Griffey Jr. ya kampuni ya Upper Deck 1989 namba 1 aitunze, zilizobaki acheze nazo na wenzake. Ada ya shule asiiguse.